Upindo

Mwezi wa sita, Katuba, baridi huamka kabla ya jogoo
na vumbi jekundu huingia bila kubisha hodi
mpaka juu ya ulimi.
Jumatano Kaumba alirudi kutoka shuleni hana sauti.
Watoto hamsini na watatu walikuwa wameimaliza
kama wanavyomaliza chaki,
kipande kwa kipande, bila nia mbaya.

Mimi ni fundi wa nguo. Kwa jicho tu napima
bega lililoshuka, kiuno kilichozaa.
Koo sijui kulipima.

Nikaenda kwa miguu hadi soko la Kenya,
kwa Mama Mwape apangaye mizizi kwa mafungu,
tangawizi huku, manjano kule,
na yote ni vidole vya mtu aliyetoka kulima.
"Vunja," akaniambia. Nikavunja.
Ndani mlikuwa na rangi
ambayo sijaiona kwenye jora lolote.

Nyumbani umeme ulikuwa umekwenda zake.
Nikawasha mbabula uani, makala yakakohoa,
Kaumba akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
kibao magotini, chaki mkononi,
na kwa mara ya kwanza tangu tuoane
akanigombeza kwa maandishi.

OSHA KWANZA.
Nikasugua udongo uliojificha kwenye mikunjo.
USIMENYE SANA.
Nikakwangua ganda kwa ncha ya kijiko,
kisha nikaparuza mzizi juu ya kopo la samaki
nililolitoboa matundu kwa msumari.
Kopo likaniuma. Nikasema neno
ambalo yeye hakuliandika.

Maji yalipoanza kunong'ona nikatia yote:
manjano, tangawizi,
punje sita za pilipili manga nilizoziponda kwa kitako cha chupa.
Nikanyoosha mkono kuchukua asali. Chaki ikalia: BADO!
Alama ya mshangao ndefu kama mwiko.
Asali haipendi kuchemshwa,
hivyo ndivyo mama yake alivyomfunza huko Kasenga.
Basi tukangoja. Harufu ikapanda,
kama shamba limeingia jikoni na viatu vyake.

Ndipo nikakumbuka.
Ndani, juu ya mashine, gauni la komunyo ya kwanza
la binti wa Monga, jeupe, limebaki upindo tu.
Nilikuwa nimelisogeza lisipate moshi.
Nikageuza kidole gumba kwenye mwanga wa makala:
njano, hadi ndani ya ukucha.
Nikaingia na tochi ya simu.
Ilikuwepo. Duara dogo na mistari yake yote,
kama mtu asiyejua kusoma ametia sahihi.

Nikapaka sabuni. Njano ikageuka nyekundu,
ikanikodolea macho.
Nikapaka limao. Ikarudi njano, imeridhika.

Nilimpelekea kikombe bila kusema kitu:
asali sasa, limao mwisho.
Alikunywa polepole, akitazama mikono yangu,
akatazama mlango niliotoka, akaandika: LETE.
Akalitandaza gauni juu ya kanga safi,
akalipata lile doa upesi kuliko anavyopata kosa la hesabu,
na juu yake, vidole viwili,
akavuta mstari mnyoofu kwa chaki ya shule.
KUNJA HAPA.
Kisha akacheka, kicheko kisicho na sauti,
mabega tu na mvuke.

Usiku ule sikushika tena kitambaa, mikono haikuruhusu.
Tulikaa. Sufuria ikapoa, tukaipasha, ikapoa.
Sikumbuki lini tena tulikaa hivyo.

Jumapili binti wa Monga alipanda kuelekea altareni,
gauni limefupika kidogo; wamama wakasema ni mtindo.
Mimi wa benchi la nyuma nilijua
anatembea na chai yetu ndani ya upindo.
Kando yangu Kaumba aliimba,
sauti imerudi nusu, inaparuza kama kopo la samaki,
na waliokaa mbele wakageuka.