Jiwe la Ndani, Jiwe la Nje

Kaunta yangu ni marumaru nyeupe,
futi saba na kiganja,
imenunuliwa kwa zamu mbili za upatu wa akina mama wa Bugarika
na deni dogo ambalo wifi yangu Mbuke hajalisahau.
Vijana sita waliipandisha kwa mikono,
maana gari liliishia chini, mawe yalipoanza.
Walihema, wakatukana kwa Kisukuma,
wakaomba uji.

Fundi Lukonge alipokwisha kuipaka nta
alinisimamisha mlangoni kama mwali anayefundwa:
"Ndimu usikatie hapa. Ndimu humng'ata huyu,
na alama ya meno haifutiki.
Siki hivyo hivyo. Nyanya ikidondoka
usimalize sentensi, futa.
Binzari ni mgeni asiyeaga.
Sufuria ya moto, mama, haikai uchi juu yake."
Akapokea chake, akashuka mlima,
akaniachia amri na kitambaa.

Nikatii.
Nikatandika nailoni, juu ya nailoni gazeti,
juu ya gazeti kitambaa cha maua.
Ubao wa mninga nikauagiza Buzuruga.
Ngata ya kanga kuukuu aliyonisokotea mama,
ile iliyokaa baina ya utosi wangu na ndoo
kutoka ziwani hadi nyumbani, miaka minane,
nikaipa kazi mpya, kubeba sufuria.
Kichwa changu kilipona. Jiwe nalo lipone.

Chai ya maziwa huacha duara,
na mimi huamka usiku na tochi ya simu
kulikagua jiwe kama daktari wa zamu.
Mashauri hugeuka ubavu, huuliza:
"Mke mwenzio bado macho?"

Alhamisi ile umeme ulikatika.
Shija akaja na sangara kutoka Igombe,
kilo tisa, mdomo wazi, mkia ukiburuza damu ngazini,
akaelekea jikoni.
Nilipiga ukelele ambao majirani walidhani ni nyoka.
"Nje! Mpeleke nje!"

Nje, nyuma ya jiko, kuna lile jabali.
Hakuna aliyelichangia. Hakuna aliyelipandisha.
Nyumba ndiyo iliyoliomba nafasi.
Pimbi wamelikojolea tangu Bugarika haijaitwa Bugarika,
michirizi yao myeupe kama chokaa.
Mijusi ya vichwa vyekundu hupigia pushapu pale.
Tumelianikia dagaa, mihogo, nepi za wachanga,
tumelinolea visu,
tumeliwashia makaa Pasaka tatu.

Tukampasua sangara hapo, giza totoro,
chini ziwani karabai za dagaa zimejipanga.
Mbuke alikamua ndimu nane
na jabali halikusema kitu.
Magamba yaliruka, yakanasa kwenye nywele.
Tulicheka.
Ni zamani sijacheka nikiwa na kisu mkononi.

Nikaingia ndani kufuata chumvi,
na kwa mwanga wa simu nikaiona kaunta,
kavu, imefunikwa
kama maiti ya mtu mwenye heshima zake.
Mwezi wa tano huu.
Haijui hata harufu ya kitunguu.

Mvua ilikuja alfajiri kutoka upande wa Ukerewe,
ikaliosha jabali bila sabuni.

Asubuhi nikaondoa gazeti, nikaondoa nailoni.
Nta nimeibakiza, ubao nimeubakiza,
ngata iko pale pale.
Mimi si mwendawazimu, na deni la Mbuke bado lipo.
Lakini chapati nilizikandia juu ya jiwe tupu,
likanipokea kwa ubaridi wake
kama mtu aliyengoja kusalimiwa.

Mbuke alikuja kusaidia, mkono una binzari.
Akaegemea.
Sasa kuna doa karibu na sinki,
dogo, la manjano, ukubwa wa kidole gumba.
Nimelipaka magadi ya unga yaliyolowa, nimelifunika lilale.
Likitoka, litoke.
Lisipotoka,
Lukonge asiambiwe.