Jengo Lisilo na Baraza

Walipoondoa uzio wa mabati, Wete nzima tulitoka kulitazama
kama biharusi aliyeletwa kutoka ng'ambo:
kwanza viatu, halafu kimya, halafu midomo.

"Mahakama hii?" akasema Asaa muuza mbatata.
"Mie nilidhani benki."
Kombo Faki akasema friji,
friji lililosimamishwa juu ya ngazi.
Mtoto mmoja akahesabu vidato akipanda: ishirini na tatu.
Mwenzake akahesabu akishuka: ishirini na nne.
Ugomvi wa kwanza wa mahakama mpya
ukaamuliwa nje, kwa kofi.

Mie huwaandikia watu barua. Miaka kumi na tisa
meza yangu ilikaa kwenye baraza ya mahakama ya zamani,
ile ya kuta nene na popo darini.
Nimeandika "kwa heshima na taadhima"
mpaka kidole hiki kikapinda.
Nilizijua kesi kwa namna watu wanavyokaa:
mwenye deni hukaa nchani, mguu mmoja tayari njiani;
mwenye talaka hukaa akiugusa ukuta;
shahidi wa uongo hakai.

Hili jipya halina baraza.
Nimelizunguka mara mbili, kama mgeni anayetafuta choo
na anaona haya kuuliza.
Vioo, vioo, ua moja ndani ya pipa la saruji, vioo.

Mchoraji wake ni kijana wetu, kasoma mbali.
Siku ile ya ukumbini alituonesha picha ukutani:
watu warefu, weupe kama moshi, wanapita mbele ya jengo,
hakuna hata mmoja aliyekaa.
Bi Mize Shaame akanyoosha mkono.
"Mwanangu, hawa watu wako,
kesi zao huisha siku moja?"
Tulicheka. Kijana hakucheka, aliandika kitu kwenye daftari.

Lakini nisiseme uongo, mie si shahidi.
Paa la zamani lilivuja juu ya makabati.
Jalada la Bi Mize lililowa masika mawili,
wosia wa mumewe ukaota ukungu wa kijani,
na jina la shamba likasomeka nusu.
Hilo halikufanywa na vioo.

Kesi yake ina mwaka wa kumi na moja.
Mikarafuu arubaini na miwili, kule Pandani:
yeye anasema ya marehemu, shemeji yake anasema ya babu.
Korti ikasema kila mmoja achume nusu mpaka hukumu.
Mikarafuu haikusubiri hukumu. Mwaka huu imezaa ikainama.

Jumamosi, alfajiri, Bi Mize akaja na majamvi.
Ule uwanja wa mbele, tuliouita jangwa,
hauna mti wala kivuli, na jua halina pa kujificha.
Akaanika. Kufika saa nne majamvi yalikuwa kumi na saba,
ya wajuao na wasiojua kesi,
na la mwisho, pembeni kabisa, la shemeji yake.

Askari akatoka na filimbi.
"Mama, hii ni mahakama!"
"Ndiyo, baba. Na hiki ni kielelezo. Namba ya kesi ninayo."
Askari akatafuta kwenye kanuni zake,
hakupata pa kulipulizia filimbi.

Alasiri mvua ikanyemelea kutoka upande wa Mtambwe.
Watu wakakimbia. Shemeji akashika ncha mbili za jamvi la Bi Mize,
Bi Mize ncha mbili, wakakunja,
hawakutazamana, hawakusema.
Kisha kila mtu na gunia lake.

Jumatatu hakimu alipanda ngazi akikanyaga vikonyo,
akasimama kidato cha kumi, akanusa.
Mie nilikuwa cha nne, na meza yangu.
Wameniondoa mara mbili.
Leo kijana wa daftari amepita na futi ya kupimia;
ameupima ukuta wa chini, usawa wa magoti,
akaniuliza, "Mzee, mtu akikaa, hukaa upana gani?"

Nikamwambia inategemea na kesi.