Mfuniko

Kwetu tambi ni tamu.
Nazi, iliki, sukari, zabibu mbili tatu;
mama akizikaanga, harufu inavuka ua
na mtaa mzima unajua kesho sikukuu.
Kwa hiyo usiku ule nilipomwona Bwana Paki
akizitumbukiza tambi kwenye maji mekundu kama tope la Pugu
nilisema moyoni: huyu leo kaharibikiwa.

Saa nane za usiku, Mikocheni.
Masika imekata umeme, jenereta limegoma,
mimi na rungu na koti la kampuni
tumejibanza kwenye mlango wa jikoni.
Yeye ndani, kavaa suruali ya kulalia,
tochi ya simu kaiegemeza kwenye chupa ya mafuta.
Pakiti. Unga wa pilipili.
Kabichi iliyochacha, ya kwenye ile ndoo
ambayo Mwasiti huifunga mifuko mitatu
na bado friji zima linanuna.
Akapasua yai, hakulikoroga.
Akaliacha liive peke yake.

Simu ilikuwa imelia saa sita.
Nilimsikia akirudia neno moja, omma, omma,
nikadhani anasema umma,
nikajiuliza umma upi, saa hizi, na yeye si Mwislamu.
Halafu nikaijua ile sauti.
Haina lugha ile.

Kwetu mfiwa haachwi jikoni peke yake.
Lakini kwetu pia mlinzi haingii ndani.
Nikabaki kizingitini, mguu mmoja huku, mmoja kule,
viatu vinachuruzika maji.

"Pazi," akaniita. "Njoo kula."
Nikauliza kama kuna nguruwe.
Akaigeuza pakiti kwenye mwanga, akasoma hadi chini,
kidole kikifuata mstari, machozi yanamtoka, anasoma tu.
"Samaki," akasema. "Samaki na ngano."

Hakutafuta sahani, na sahani zilikuwa tele.
Aliugeuza mfuniko wa sufuria, akanipakulia humo,
akanipa uma, yeye akashika vijiti.
Tukala tumesimama.
Zikaunguza ulimi, zikapanda puani,
na mimi ambaye mama yangu alizikwa Utete
nikiwa lindoni, kwenye geti hilihili,
barabara imekatika na zamu haina wa kuishika,
mimi niliyesema nitalia nikipata nafasi...
Pilipili usiyoila yakuwashiani?
Hii niliila.

Hakuna aliyesema pole. Alisema, "Kali, eh?"
Nikasema kali, bosi. Kali sana.

Asubuhi nikafika Mbagala na pakiti moja kifuani.
Nikawasha jiko mwenyewe; mke wangu anacheka,
anauliza, nikupe sukari, au umelogwa?
Nikapasua yai, nikaliacha.
Nikaugeuza mfuniko, nikampa binti yangu Siwazuri.
Akataka kuuweka chini. Ukayumba, mchuzi ukamwagikia mkeka,
maana kishikio sasa kimekuwa mguu, na mguu wenyewe mmoja.

"Baba, hii sahani haikai."
Haikai, mama.
Ishike.