Bei ya Jumanne

Saa nne asubuhi, mvua ya Kampala ikipiga dirisha,
Bi Amuge alifika na hati zake ndani ya mfuko wa sukari,
mkunga mstaafu wa Kumi, viatu mkononi.
Hisa elfu nne za Maziwa Rwizi.
"Mjukuu ameitwa chuo cha uuguzi. Mwisho wa ada ni kesho.
Niuzie, mwanangu, kwa bei iliyopo."

Bei iliyopo ilikuwa mia mbili na kumi.
Nikaandika. Kalamu haikusita.
Wino haujakauka, mnunuzi keshapatikana,
na mnunuzi nilimjua: Tindyebwa,
ambaye miaka mitatu hakununua hata hisa ya kuonjea,
ambaye mkewe hutunza vitabu vya kiwanda kule Mbarara.
Wiki ile alinunua kama mtu anayekimbiza lori.

Ijumaa likatoka tangazo:
unga wa maziwa wa Rwizi umepata soko ng'ambo, miaka mitano.
Bei ikaruka, mia tatu na arobaini.
Piga hesabu. Mimi nimeshapiga mara nyingi.
Laki tano na elfu ishirini zilivuka meza yangu
bila kutoa sauti.

Bosi wangu Ssemwezi, aliyeyasoma mambo haya, akasema:
"Yule mtu ameisaidia bei kusema kweli.
Asingenunua, mama angeuza kwa mia na tisini.
Na kiwanda chenye bei ya kweli hukopesheka,
hujenga tangi, na mfugaji wa Kiruhura
hamwagi tena maziwa ya jioni."

Nilitaka kubisha. Hesabu yake imenyooka.

Lakini shangazi yangu huuza nyanya Nakasero.
Mwaka ule wa mvua nyingi aliamka saa tisa usiku,
akapanda lori la mkaa, akaenda kuyaona mashamba,
akayakuta yameoza, akarudi, akanunua matenga yote sokoni.
Alijua kwa sababu alikwenda.
Magoti yake hadi leo yanaikumbuka barabara.
Tindyebwa alijua kwa sababu alikula kwake chakula cha jioni.
Na kweli ile ingefika Ijumaa kwa miguu yake yenyewe,
haikuhitaji kubebwa.
Siku tatu tu. Nani aliongezewa kitu katika siku hizo tatu?
Hakuna tangi lililojengwa Jumatano.

Tangu hapo ofisi imepoa.
Anayeuza hutajiwa mia tatu, anayenunua mia tatu tisini,
na katikati pana shimo lililochimbwa na swali moja:
huyu wa upande wa pili, anajua nini?
Mwalimu mmoja wa Soroti amehamishia akiba yake kwenye mbuzi.
Mbuzi, anasema, hawana mashemeji.

Bi Amuge alirudi mwezi uliopita.
Nilijiandaa kwa lawama, nikapewa karanga, kopo zima.
"Nilihitaji pesa Jumanne, nikazipata Jumanne.
Mtoto amevaa sare. Wewe ulinihangaikia."

Sikumwambia
kwamba siku ile, saa tano kasoro,
nilipouona mkono wa Tindyebwa kwenye karatasi,
nilinunua hisa mia tano kwa jina la dada yangu.
Juu ya unga wa maziwa sikujua lolote.
Nilijua tu nani anajua.

Elfu sitini na tano.
Ukitoa ada ya kampuni, yatosha kujaza mtungi wa gesi.
Moto wake ni wa buluu, hauna moshi,
huwezi kusema kuna kitu kinaungua.
Juu ya moto huo nilizipasha zile karanga,
nikala nimesimama,
mlango nimeufunga.