Bangili ya Sumaku

Alinisimamisha kwa mguu mmoja
pale Mbuyuni, kati ya vitunguu na mitumba.
Nyoosha mikono kama msalaba, dada.
Akanisukuma kwa vidole viwili
nikaangukia gunia la mtu.
Kisha akanivalisha bangili.
Shaba, alisema, na sumaku sita, na ayoni.
Neno hilo alilitamka polepole, kama jina la mkwe.
Akasukuma tena.
Nikasimama kama nguzo ya umeme.

Elfu kumi na tano. Tulimalizana kwa kumi na moja
na zipu ya suruali yake nikaibadilisha bure,
maana mimi ni fundi, cherehani yangu iko palepale
mkabala na wauza ndizi.

Nina miaka thelathini na tisa.
Goti langu la kulia huijua mvua kabla ya redio.
Kila Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri,
tunakimbia wanawake tisa wa Pasua
kutoka stesheni ya zamani ya reli
hadi geti la KCMC, na kurudi,
na kila Jumamosi Ndeshi yuko mbele yangu
pumzi tatu. Si nne. Si mbili.
Mgongo wake naujua kuliko anavyoujua mumewe.

Siku ya kwanza na bangili sikuhisi ayoni.
Nilihisi jasho chini ya shaba
na baridi kidogo pale Shanty Town, kilima kinapoanza.
Lakini Ndeshi aligeuka.
Hajawahi kugeuka.
Akaiona iking'aa kwenye taa ya geti la watu,
akauliza, kwa pumzi aliyopaswa kuitunza,
"Aikande, hicho nini?"
"Kitu cha daktari," nikasema.
Mungu anisamehe. Daktari gani?
Nikampita kwenye tuta la tatu.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna anayekimbia:
haikuniongezea mguu.
Ilimpunguzia yeye wake.

Wiki iliyofuata alikuja na mbili.
Mama Elinaja akavaa ya kifundo cha mguu.
Nuruana, mdogo wetu, akatokea na mkanda wa goti
wenye vitundu vya kupitishia nishati
na soksi za kubana, rangi ya chungwa,
tukacheka hadi tukapoteza dakika mbili nzima.
Kocha Mlaki, askari mstaafu,
alitutazama kama watu waliokutwa na mali ya wizi.
"Mnalala saa ngapi?"
Kimya.
"Ijumaa usiku mnakula nini?"
Chai, tulisema. Chai na andazi.
Akaandika kwenye daftari lake, akalifunga.

Mwezi ulipoisha tulikuwa wanawake tisa
tunaolia kama kengele za mbuzi
tukipanda kuelekea hospitali,
na mpangilio ukarudi uleule.
Nilizihesabu. Tatu.

Nilimrudia muuzaji, sikumgombeza.
Simama kwa mguu mmoja, kaka.
Nikamsukuma kwenye ncha za vidole, kwa nje: akayumba.
Nikamsukuma karibu na kiwiko, kuelekea mwilini:
akasimama imara,
na bangili zake zote zilikuwa mezani.
Tukatazamana. Zipu yangu ilikuwa inamfunga vizuri.
"Dada," akasema, "nina watoto wanne."
"Na mimi," nikasema, "nina goti."

Siku hizi Ijumaa nakula mtori, nalala saa tatu.
Jumamosi iliyopita, pumzi mbili na kitu.
Duara la kijani mkononi bado halijatoka,
hata kwa limau.

Siivai tena kukimbia.
Lakini nguvu inayo, hapo hakunidanganya:
jioni nikifunga duka
naiburuta sakafuni chini ya cherehani
na pini zinainuka, na ile sindano nene
niliyoilaani tangu Pasaka,
moja baada ya nyingine zinairukia
kama vifaranga.