Futa Hiyo

Duka la Shibu, Ruwi, lina upana wa mikeka miwili;
kiyoyozi kinatona ndani ya kopo la rangi.
Namkabidhi kadi, ndogo kama stempu.
"Mwanangu alibonya. Harusi nzima ya Ibra imekwenda."

Kwa Kiarabu chake cha kuokoteza ananieleza:
kufuta si kuondoa, dada. Ni kung'oa kibao mlangoni.
Mwenye nyumba yumo ndani, amelala,
mpaka mpangaji mwingine aje amkalie.
Umepiga nyingine juu yake?

Tatu tu. Paka.

Nikangoja na karaki hadi adhana ya alasiri.
Asilimia kumi na moja. Arubaini. Arubaini bado.
Harusi ikarudi vipande: bwana harusi nusu kijivu,
khanjari isiyo na kiuno,
sinia la shuwa, wageni hawapo.

Kisha wakaja wasioitwa.

Bi Ghaniya jikoni kwake Al Khoudh,
mwaka ule kabla ya sanda,
unga hadi kwenye kope,
kiganja mbele ya lenzi, mdomo wazi;
na neno lililokuwa mdomoni nalijua:
"Futa hiyo! Nimevimba kama bokoboko!"
Nami nilifuta. Kila mara nilifuta.

Kumi na tisa, zote alizozikataa,
zote safi, hata ufa wa kikombe unahesabika.

"Hizi ni za zamani," asema Shibu, kidole juu ya kitufe.
"Nizitupe?"

Nikatoa riali kumi na tano, sikuomba punguzo.
Mama, leo sikutii.