Dawa Haina Lumbesa

Mbwa huyu alikuwa wa marehemu mume wangu.
Ndiye aliyempa jina, Watasema,
ili kila akimwita jioni
majirani wa ng'ambo ya bonde wajijue.
Mimi nilimrushia ugali tu, kutoka kizingitini.
Miaka sita. Mkono wangu haukuwahi kumgusa.

Mwezi wa tano, pareto zikianza kuchanua,
alikojoa juu ya jani la kabichi
na jani likashika rangi ya chai kavu iliyolala.
Ambokile mwanangu akasema, mama, amelogwa.
Nikasema, leta toroli.

Kufika Ilembo ukungu ulikuwa bado haujaamua.
Daktari Tumpe hakuuliza nani kamloga.
Aliuliza, analala wapi?
Akafunua ufizi: mweupe, kiazi kilichomenywa.
Akatoboa ukingo wa sikio, tone moja,
akalitandaza kwenye kioo
kama mtu anayepaka siagi ya kukopa.
"Chungulia, mama."

Nikachungulia.
Viduara vya damu, vingi kama ulezi kwenye ungo,
na ndani ya vichache, vitu viwili viwili,
machozi yaliyogusana ncha.
"Hao wamepanga chumba," alisema.
"Kodi hawalipi, na siku ya kuhama wanabomoa nyumba."
Kumbe wekundu ule wa mkojo
ulikuwa kifusi.

Tukamtundika Watasema kwenye mizani ya viazi,
ndani ya gunia lenye matundu manne ya miguu.
Kilo kumi na saba na nusu.
Nikasema, andika ishirini, daktari, apone upesi.
Aliniangalia kama ninavyowaangalia mimi
wale wanunuzi wa mjini na magunia yao ya vilemba.
"Dawa haina lumbesa.
Ikizidi inaua. Ikipungua inawafundisha."

Sindano ilikuwa ya njano. Mbwa alilia mara moja,
akanitazama mimi, si daktari.

Waliomletea ni kupe, akasema.
Nikauliza, na kupe anakufa kwa nini?
Akaelekeza kidevu dirishani, kwenye mteremko mweupe:
"Kwa hayo maua mnayouza kwa kilo."
Sikucheka.
Miaka ishirini nachuma kifo cha wadudu,
nakianika kwenye turubai, nakishindilia guniani,
na mbwa wangu analiwa mlangoni pangu.
Akaniwahi: "Usije ukamtwangia ukampaka.
Nunua ya kuogeshea, soma kipimo.
Fyeka majani. Ziba nyufa za banda kwa udongo.
Na kila jioni, mpekue."
Kila jioni?
"Kupe akishika leo, leo hajamwambukiza.
Anahitaji siku nzima, pengine mbili.
Mtoe kabla hajaingiza kitanda."

Basi nikaanza.
Siku ya kwanza nilivaa mfuko wa nailoni mkononi.
Siku ya pili mfuko ulitoboka.
Kibano cha nyusi alichoniachia dada yangu,
kopo la spiriti, koroboi.
Kati ya vidole. Ndani ya sikio, penye mkunjo.
Chini ya mkia, pale ambapo heshima huwa inaishia.
Usimminye, vuta wima, taratibu,
na yule mnene wa kijivu anaachia
kama kifungo cha shati la zamani.

Chini ya shingo nilikuta upara, duara la kamba,
na juu yake nywele zimelala upande mmoja.
Mtu alikuwa akipasugua hapo. Kwa miaka.
Sikuwahi kumwona.

Mwezi wa sita mkojo ulirudi kuwa mkojo.
Usiku nguruwe pori walishuka kwenye viazi,
nami nikasimama uani nikapaza sauti, Watasema!
Ng'ambo ya bonde mtu akakohoa.

Jana sikupata hata kupe mmoja.
Nikaendelea kutafuta.